Mkono wa Wambua kwenye ngozi ya alumini: nilichofanya gereji ya Nakuru miaka ya sabini

Wakuu, habari za saa hizi.

Siku hiyo tulikuwa watano, na nitawataja wote kwanza ili asitokee mtu akasema nimeficha jina.

Mzee Jagat, Kalasinga mwenye gereji. Wambua, fundi wa leth, ile mashine ya kuchonga vyuma. Kiprono, dereva wa shamba la ngano kutoka Mau Narok. Nyambura, dada yangu, miaka kumi na miwili. Na mimi, Maina, niliyekuwa nimefika ishirini.

Stori hii nimekaa nayo miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu humu. Sina sababu ya kuitia chumvi. Mahali ambapo sikumbuki nitasema sikumbuki.

Kilichonifanya niandike ni video.

Juzi mtoto wa Nyambura, ambaye ni injinia, alinionyesha kwenye simu leza ikifanya kazi juu ya bamba la alumini. Nukta ya mwanga inapita, ngozi ya juu inayeyuka, na kabla hujapepesa macho imeganda tena kwa sababu chini yake ni baridi. Anasema inabaki ngumu na kutu ya maji haiwezi kuila kirahisi. Yeye alikuwa anafurahia teknolojia.

Mimi nilimwomba aizime.

"Anko, kwani umeona nini?"

Sikumjibu. Ngoja niwajibu nyinyi.

Mimi ni kifungua mimba. Baba alikufa kwenye kiwanda cha mbao upande wa Elburgon. Mama akamfuata baada ya mwaka mmoja na kitu, kwa ugonjwa wa kifua. Niliacha shule darasa la saba, wiki chache kabla ya mtihani. Sikuwa mjinga. Ni kwamba kila asubuhi kulikuwa na watu watatu wakiniangalia, wakingoja niseme tutakula nini.

Tulikuwa na chumba kimoja mtaa wa Bondeni. Shamba hatukuwa nalo.

Mzee Jagat alinichukua nifagie gereji yake iliyokuwa karibu na reli. Baada ya mwaka akaona nina mkono mtulivu, akaniweka kwenye gesi ya kuchomea.

Kazi yetu kubwa ilikuwa silinda hedi, kile kifuniko kizito kinachokaa juu ya injini. Kulikuwa na magari ya Kifaransa wakati ule yenye hedi za alumini, na maji ya huku kwetu yana magadi. Dereva akichota maji ya kisima chochote njiani akamwaga kwenye rejeta, magadi yanaanza kula alumini polepole. Ukifungua injini baadaye unakuta uso wa hedi umechimbika kama uso wa mtu aliyepona ndui.

Sisi tulijaza mashimo yale kwa moto, kisha Wambua anaparuza uso mpaka unakaa sawa.

Sasa nieleweni vizuri hapa, maana ndipo kisa chote kilipo.

Somo la kwanza Mzee Jagat alilonipa lilikuwa hili: "Chuma napata moto, naona haya, nakuwa nyekundu. Hii alumini hapana ona haya. Ndani nakuwa maji, usoni nakaa vile vile tu."

Ni kweli. Alumini ina ngozi. Hewa yenyewe huitengenezea ngozi nyembamba ambayo haiyeyuki kwa moto wetu. Ndani inaweza kuwa uji tayari, na kwa nje unaona kitu kizima, cheupe, kimetulia kama sufuria kwenye rafu. Ukikigusa ndipo unajua.

Kwa hiyo tulitumia sabuni.

Unachukua kipande cha sabuni, unachora mstari juu ya hedi kama unavyochora na chaki. Unawasha moto chini. Mstari ukiwa rangi ya chai, unapunguza. Ukiwa mweusi, simama hapo hapo, maana kinachofuata ni maji. Gereji nzima haikuwa na kipimo kingine. Sabuni ndiyo ilikuwa macho yetu.

Ilikuwa sabuni nyekundu ya dawa, yenye harufu kali, na Mzee alinunua aina hiyo moja tu mwaka baada ya mwaka. Ilikaa kwenye mkebe wa majani ya chai. Kuna kibarua aliwahi kunawa nayo mikono akafukuzwa siku hiyo hiyo, kabla mikono haijakauka.

"Hii hapana sabuni," Mzee alisema. "Hii ni kipimo."

Mzee Jagat alikuwa na mpwa wake Uingereza aliyemtumia magazeti ya mainjinia. Saa ya chai alitusomea. Siku moja akasoma habari ya leza.

"Mwanga," alisema. "Mwanga tu. Nayeyusha ngozi ya alumini, nene kama karatasi. Chini hapana jua kitu."

Wambua aliweka kikombe chini. "Mwanga, Mzee? Kama wa tochi?"

"Kama ya tochi. Lakini tochi ya shetani."

"Basi tumnunulie Maina betri aanze kazi."

Tulicheka sana. Wambua alikuwa mtu wa namna hiyo, anatoa neno moja halafu anarudi kwenye mashine yake kama si yeye. Alikuwa Mkamba wa Kangundo, mwembamba, na vidole vyake vilijua nyuzi za bolti kwa kupapasa tu. Ungempa bolti gizani angekuambia ni ya gari gani.

"Na alumini nakataa mwanga," Mzee aliendelea, yeye hakuwa anacheka. "Narudisha kama kioo. Kwa hivyo hawa watu napaka nyeusi kwanza, ndiyo nakubali."

Lile gazeti alilisoma wiki kadhaa mpaka kurasa zikalegea. Wazo lake lilikuwa hili: leza hatuna, lakini moto tunao. Tukipasha hedi yote ifike karibu na kuyeyuka, halafu tupitishe mwali mkali juu haraka, ngozi itayeyuka na kuziba mashimo madogo yote. Magadi yatakosa mahali pa kuanzia.

Wale wa engineering humu najua mtasema haiwezekani, joto la gesi linazama ndani kabla mwali haujamaliza kupita. Mko sahihi. Lakini hedi mbili za kwanza zilikubali. Ziling'aa kama maji ya ziwa bila upepo. Hapo ndipo tulipoharibikiwa, maana tulijiona tumeweza.

Sasa nije kwa kosa langu.

Wiki hiyo Nyambura alirudishwa nyumbani kwa sababu ya sare chafu. Siku ya pili akarudishwa tena, na safari hii aliambiwa akija vile mara nyingine nafasi yake atapewa mtoto mwingine. Alikuwa darasa la sita na alikuwa anaongoza darasa. Hakulia. Alikaa mlangoni akikwangua kola kwa kucha.

Sabuni tuliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa ile ya mama mmoja nyuma ya soko, aliyokuwa akipika kwa mafuta ya kondoo na magadi. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Povu haitoi na uchafu hautoki.

Jumamosi, tukifunga kazi, nilichukua kile kipande chekundu kwenye mkebe. Mahali pake nikaweka kipande cha yule mama. Nilikuwa nimekisugua na vumbi la matofali mpaka kikawa chekundu nacho.

Nilijiambia sabuni ni sabuni. Zote zinaungua.

Jumapili nilifua ile sare mwenyewe. Maji yalitoka meusi, kisha kahawia, kisha yakawa safi. Sikumbuki kufurahi vile tena mwaka ule.

Jumatatu saa nne hivi asubuhi, Kiprono alifika na hedi ya gari la meneja wake.

"Boss, fanyeni haraka," alisema kabla hata ya salamu. "Ngano imeiva na yule mzee anatembea kwa miguu. Akitembea kwa miguu anatukana watu."

"Mwambie aendelee kutembea," Wambua alimjibu. "Atapunguza tumbo."

Tuliweka hedi juu ya kitanda cha makaa, uso juu. Kulikuwa na feni ya kuzungusha kwa mkono, na Kiprono akajitolea kuizungusha ili tusikawie. Wambua alisimama na koleo, maana hedi ikishika moto inahitaji mtu wa kuigeuza na kuiinua. Mzee Jagat alivaa miwani yake ya kioo cha bluu na kushika tochi ya gesi. Kazi yangu ilikuwa ndogo kuliko zote. Nichore mstari, niutazame, niseme.

Nilichora. Mstari ulikaa vizuri, mwekundu hafifu.

Karibu na saa sita Nyambura akaingia na githeri, mahindi na maharagwe, kwenye kikopo. Shuleni walikuwa wametoka mapema. Sare yake ilikuwa safi mpaka gereji ilionekana chafu zaidi. Alisimama upande wa pili wa makaa akitazama.

Wambua alivuta hewa puani. "Nyambura, leo umepaka marashi gani? Unanukia gereji."

Kila mtu alicheka, hata Mzee. Nyambura alificha uso na kikopo.

Mimi niliendelea kutazama mstari.

"Meina," Mzee akauliza, ndivyo alivyotamka jina langu, "bado?"

"Bado, Mzee."

Kiprono alizungusha feni. Makaa yalikuwa meupe chini. Joto lilinifika kifuani kupitia aproni, na nakumbuka nilifikiri kwamba ni joto jingi kuliko zile hedi mbili. Lakini mstari ulikuwa pale pale. Haukuwa rangi ya chai. Haukuwa na rangi yoyote mpya.

"Bado?"

"Bado."

Kikaja kimya ambacho sijui nikieleze vipi. Makaa huwa yanalia, yanapasuka. Wakati ule hayakulia. Hedi ilikuwa imekaa mbele yetu nyeupe, safi, haina moshi wala harufu. Ungeweza kuamini ni baridi. Nilianza kuhisi kwamba kile kitu kinatutazama, na kwamba kinajua kitu ambacho sisi hatujui. Mimi si mtu wa mambo ya mapepo. Nawaambia tu nilichohisi.

"Meina, bado?"

"Bado, Mzee."

Treni ya mizigo ikapita.

Ilikuwa inapita kila siku. Sakafu inatetemeka kidogo, spana ukutani zinagongana, basi. Lakini siku hiyo sakafu ilipotetemeka, uso wa hedi ulitembea. Wimbi lilitoka kona moja likaenda mpaka kona nyingine, polepole, kama ngozi ya ng'ombe inavyotetemeka anapofukuza nzi. Halafu ukatulia, ukawa chuma tena.

Kiprono aliacha feni.

"Boss," alisema kwa sauti ndogo, "hii kitu inapumua."

"Hapana gusa!" Mzee alisema.

Kona ya upande wa Nyambura ikaanza kuinama. Haikudondoka. Iliinama tu, kama mtu anayesinzia. Wambua alikuwa karibu. Alimsukuma Nyambura kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia, ndani ya glavu kuukuu ya ngozi, akaizuia ile kona isimwagikie alipokuwa amesimama mtoto.

Mkono uliingia.

Hakukuwa na mlio. Ngozi ilifunguka, na ndani yake kulikuwa na maji meupe yanayong'aa kama zebaki, yakamiminika katikati ya makaa na chini kwenye sakafu. Wambua hakupiga kelele. Aliutoa mkono na kuutazama kama vile ni wa mtu mwingine, mtu ambaye anamfahamu kidogo.

Nyambura alikuwa amekaa chini na githeri imemwagika. Sare yake haikupata hata tone.

Mstari wangu ulikuwa bado unaonekana kwenye kipande kilichobaki. Mwekundu hafifu, vile vile. Vumbi la matofali haliungui.

Hospitali walimkata vidole vinne siku ile ile. Kidole gumba kilibaki.

Makaa yalipopoa, Mzee Jagat alipata kitu katikati ya majivu. Ilikuwa ngozi ya ile kona, tupu, nyepesi kama ganda la yai. Ilikuwa imeganda na alama ya kiganja cha Wambua ndani yake. Vidole vyote vilionekana, na mkunjo wa kila kiungo, na hata mshono wa glavu. Sasa hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo mkono ule ulikuwa mzima.

Siku ya pili nilikwenda na Mzee kumwona. Wambua alikuwa amelala na bandeji kubwa kifuani. Mzee aliniuliza mbele yake.

"Sabuni nasema nini, Meina?"

Nilifungua mdomo. Wakuu, naapa nilifungua mdomo.

"Mzee, usimuulize kijana," Wambua alisema. "Na yeye pia aliniambia nisiguse. Mimi ndiye kichwa ngumu."

Mzee alimgeukia. "Wewe fundi miaka kumi. Nafanya kama mtoto."

"Ndiyo, Mzee."

Mzee akatoka. Tukabaki wawili.

"Yule msichana alikuwa ananukia gereji," Wambua alisema akitazama dari. "Nimelala hapa nikalifikiria. Ile uliyochora nayo ilinuka kondoo. Sabuni yetu iko wapi?"

"Nilifua sare yake."

Akacheka kidogo kwa pua. "Mkikuyu wewe. Si ungeomba?"

"Angenifukuza."

"Angekufukuza, ndiyo." Alisogea kidogo kitandani, uso ukakunjamana. "Wako wangapi nyumbani?"

"Watatu."

"Mdogo kabisa?"

"Ana miaka tisa."

"Basi sikiliza, kijana. Ukisema leo, tunakosa kazi wawili, na vidole havirudi. Nyamaza. Lakini siku huyo mdogo akimaliza shule, nenda kwa Jagat umwambie Wambua hakuwa mzembe. Pesa sitaki. Nataka hilo neno lisemwe."

Nilimwambia nitalisema. Nilimshika mguu juu ya blanketi, maana sikujua nishike wapi.

Alirudi kwao. Mimi nikapewa leth yake.

Mzee Jagat alipigilia ile ngozi ya alumini ukutani juu ya makaa. Kila alipoandikwa mfanyakazi mpya, alimleta pale. "Hii mkono ya mtu ambaye hapana sikia," alisema. Mimi nilikuwa nimesimama mita mbili, nikigeuza mashine. Nimeyasikia maneno hayo mara ngapi sijui.

Habari zilisafiri na madereva. Wakamwita Wambua Uji, eti ndiye fundi aliyetia mkono kwenye uji wa moto. Siku moja dereva wa lori kutoka Salgaa, ambako sikuwa nimefika hata siku moja, aliingia akaelekeza kidole ukutani.

"Ndio mkono wa Wambua Uji ule? Ati alitaka kuonja?"

Watu walicheka. Nilitazama kazi yangu.

Sasa kuna jambo ambalo wengine mtalipinga, na ruhusa mnayo.

Ule mkono haukutulia. Treni ikipita ulilia, ting, peke yake, baada ya spana zote kunyamaza. Adhuhuri ya joto ulionekana kufunguka, vidole vikiachana. Najua alumini hutanuka na joto. Hiyo ndiyo kazi yangu, najua. Kwa hiyo siku moja nilichukua rula nikapima nafasi kati ya gumba na kidole cha pili asubuhi, nikapima tena saa saba mchana.

Sitasema nilipata nini. Nilipima siku hiyo moja tu, na tangu hapo sikukaa chini ya ukuta ule kunywa chai.

Na kwenye kazi, kila hedi ya alumini niliyoweka motoni niliiona ikitetemeka kabla haijapata hata joto la kukausha nguo. Ilinibidi niiguse na kijiti ili niamini ni ngumu. Wenzangu walidhani ni uangalifu. Mzee alinisifu kwa hilo mbele ya wageni.

Miaka kama sita baadaye Mzee Jagat aliamua kuhamia kwa mpwa wake Uingereza. Aliuza mashine. Siku ya mwisho alitoa misumari mwenyewe, akaishusha ile ngozi ya alumini, akaifunga kwa gunia na kunipa.

"Wewe naona kwa macho yako," alisema. "Wewe nafundisha wengine."

Tulikuwa wawili tu. Gereji ilikuwa tupu, sauti inarudi. Alikuwa mzee sasa, ndevu nyeupe, na alikuwa ameniwekea mkono begani kama baba.

Mdogo wetu alikuwa form two. Nilijiambia muda aliosema Wambua haujafika. Ahadi ni ahadi, nilijiambia, mpaka amalize shule.

Mnaona ujanja wa moyo? Nilitumia maneno ya Wambua mwenyewe kumnyima alichoniomba.

Mzee Jagat alisafiri, na baadaye tukasikia amefariki huko. Neno lile halikumfikia.

Mdogo wetu alipomaliza form four, miaka miwili baadaye, nilichukua lile gunia nikaenda Kangundo. Nilifikiri kama Jagat hayupo, angalau nitamwambia Wambua mwenyewe kwamba niko tayari kusimama popote atakaponiambia nisimame.

Wambua alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. Aliugua, wakasema.

Nilimkuta mke wake akipepeta maharagwe. Nilipotaja jina langu aliweka ungo chini, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Wewe ndiye Maina? Yule aliyemwonya?"

Sikusema ndiyo. Sikusema pia kwamba aliyepaza sauti siku ile alikuwa Mzee Jagat.

"Alikutaja sana," alisema. "Alisema watu wote wa gereji walinyamaza, ni kijana mmoja tu aliyemwambia usiguse. Kaa, kaa. Umetoka mbali."

Alinipa muthokoi, ile ya mahindi yaliyokobolewa, na chai. Nilikula. Naandika hili kwa sababu nataka mjue kwamba nilikula.

Kisha nikafungua gunia. Hakuuliza ni nini. Alikitambua kiganja cha mume wake. Akaweka mkono wake ndani polepole, kidole kwa kidole, mahali ambapo vidole vya Wambua vilikuwa. Nilisikia ule mlio, ting, na hapakuwa na treni. Hakuutoa mkono. Alikaa hivyo.

"Maina," alisema bila kuniangalia, "wewe ulikuwepo. Niambie ukweli. Mume wangu alikuwa mzembe? Walimcheka mpaka siku aliyokufa. Na mimi, nikikasirika kwa sababu hana kazi na watoto wana njaa, nilimwambia hivyo hivyo. Mzembe. Alikuwa ananyamaza tu."

Neno lote lilikuwa kinywani mwangu. Sikuwa na wadogo wa kulisha tena. Hakukuwa na mtu wa kunifukuza kazi.

"Alikuwa fundi mzuri sana, mama," nilisema.

Aligeuka akanitazama. "Sijauliza hivyo."

Nilisema basi litaniacha. Nilimwachia ile ngozi ya alumini mikononi, nikaondoka.

Hayo ndiyo yaliyonipata, wakuu. Ama niseme, hayo ndiyo niliyoyafanya.

Nilichojifunza ni kidogo, na mnaweza kukichukua au kukiacha. Ukimwachia mtu mwingine abebe kosa lako kwa muda, usijipe tarehe ya kumtua. Hiyo tarehe ikifika utakuwa umezoea kutembea bila mzigo.

Nyambura hajui. Alikuwa mwalimu mpaka akastaafu, na hajui. Anamkumbuka Wambua kama mtu aliyemsukuma akaangusha githeri.

Kuna mtu wa Kangundo niliyekutana naye mwezi uliopita, akaniambia mke wa Wambua bado yuko hai, mzee sana, masikio yake bado ni mazima. Nina namba ya mtoto wake. Nimeiandika kwenye karatasi na iko hapa mezani.

Wenye hekima humu, hasa mliowahi kuchelewa na neno, hebu niambieni: mtu anaanzaje? Unaanza na sabuni, au unaanza na sare? Au unaanza na kwamba ulikula chakula chake?

Nitasoma comments zote. Matusi pia nitasoma, nayastahili.

Lakini msinipongeze kwa kuandika hapa. Humu hakuna aliyemjua Wambua. Aliyeniuliza swali ni yule mama, na mpaka ninapobonyeza kutuma, sijamjibu.